Kosa la Chapa

Kazi ya kwanza ilikuja Jumatatu.
Kijana wa Umoja wa Wenye Viwanda, shati limenyooka pasi,
akaweka flashi mezani, hakuketi.
Vipeperushi elfu kumi, karatasi ya kung'aa:
Ladislaus Mkwizu akicheka na wapakuzi wa mizigo,
na chini yake, "Mfanyakzi huru, nchi huru."
Nikamwambia, kaka, a imedondoka hapa.
Akasema, chapa kama ilivyo, tuna haraka.

Jumatano wakaingia Vijana wa Mwamko, fulana za zambarau.
Hawa mwezi mzima walikuwa wakitukanana redioni
na wenye viwanda, kisa bei ya sukari.
Mabango mia tano. Mkwizu yuleyule,
pengo lilelile pembeni.
"Mfanyakzi huru, nchi huru."
Safari hii sikusema kitu.

Ijumaa, mama mmoja mpole wa Wakfu wa Kaya,
miwani inaning'inia kifuani,
kalenda za kugawa bure Buza, Yombo na Mbagala.
Akaniuliza watoto hawajambo.
Nikafungua faili lake: a haipo.

Mimi nilianza kazi hii Gerezani enzi za herufi za risasi,
tulipokuwa tukisoma maneno kinyumenyume
kabla hayajageuzwa na karatasi.
Jicho likishazoea hivyo halirudi.
Nyani watatu wakikohoa kikohozi kimoja
usiulize hali ya hewa,
uliza wamelala mti gani.
Risiti tatu nikazipanga kwenye kaunta:
malipo yote yametoka simu moja.

Na Mkwizu namjua.
Alikuwa mweka hazina wa tawi, kiwanda cha magunia,
siku zile nane tulizokaa chini nje ya geti, Chang'ombe.
Mihogo yetu alikula. Kiatu chake kilitoboka
nikamkatia boksi la karatasi akaweka ndani.
Ndiyo maana wamemchukua yeye.
Mwingine angepiga kelele jukwaani tu;
yeye anajua ile asilimia mbili inakatwa mshahara wa nani,
inapita wapi, inaishia kwa wakili gani,
kama fundi bomba anavyojua koki iko nyuma ya ukuta upi.

Jumatatu ya pili ikaja fomu.
Nakala elfu sita.
"Mimi mfanyakzi ……………… kwa hiari yangu
najitoa katika chama, na makato yangu yasitishwe."
Mzee Mwinchande, bosi wangu, hakunitazama usoni.
Akachomoa moja ya juu, wino bado mbichi,
akaisukuma kwangu: na yako hii, Tunu.
Mwisho Ijumaa.

Hiari yenye tarehe ya mwisho.

Nilizichapa. Sitadanganya.
Kuna ada ya Pili muhula huu, kuna kodi.
Mashine ikala karatasi usiku kucha, ta-ka, ta-ka,
nami nikazifunga mia mia kwa kamba ya katani.
Ningeweza kuirudisha ile a, ni kubonyeza mara moja.
Nikaiacha. Kila mtu abebe kosa lake mpaka sokoni.

Asubuhi nikampelekea Sikudhani, mwenyekiti wetu,
karatasi nne ndani ya khanga:
kipeperushi, bango lililokunjwa, kalenda, fomu.
Akazitandaza juu ya benchi la mama ntilie,
akasogeza kikombe cha chai.
Akapitisha kidole kwenye lile pengo,
moja, mbili, tatu, nne.
"Kumbe wote wamekaa hapa," akasema,
"kwenye nafasi ya herufi moja."
Kisha akauliza nani mwingine amezisoma,
nikakosa jibu.

Fomu yangu ninayo.
Nimeichomeka a kwa kalamu nyekundu,
na kikofia chake chini, kama tulivyofundishwa.
Leo Alhamisi.
Nimesahihisha.
Sahihi sijatia.